Haki ya Kambare Aliyefungwa Katika Kioo

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba viumbe Akawagawia riziki zao na makao yao; na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja mkaazi wa Garissa, na kwa kuwa swali lake limebeba mambo mengi tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wote. Asema ya kwamba katika masika ya mwaka 2024, Mto Tana ulipofurika na barabara ya kwenda Madogo ikafunikwa na maji, mto ulipanda mpaka mashambani. Maji yalipopungua yakabaki madimbwi, na katika dimbwi moja watoto wake wakaokota vikambare vitatu, kila kimoja urefu wa kidole. Nyumbani mlikuwa na sanduku la kioo la kufugia samaki, lenye kuchukua lita 60, na ndani yake samaki wa dhahabu 14 walionunuliwa Nairobi. Vikambare vikatiwa humo humo. Leo kambare wawili wamekufa, samaki wa dhahabu wamebaki 9, na kambare wa tatu, ambaye sasa urefu wake ni kama mkono kutoka kiwikoni hata vidoleni, ni mgonjwa. Hulala ubavu, ndevu zake zalika, mashavu yamekuwa mekundu, hupanda juu akameza hewa kisha akazama chini kama jiwe. Shemeji yake amemwambia kuwa hilo ni jicho la mtu, na ameleta hirizi ifungwe juu ya kioo. Jirani amemwambia amtupe mtoni, apate thawabu ya kumwacha huru. Mwingine amemwambia ampike kabla hajafa. Naye auliza: lipi katika haya ndilo la sheria, na je, akifia nyumbani kwangu nina dhambi?

Barua hii iliposomwa katika darasa yetu wako waliocheka. Walisema: samaki huyu huyu twamla kila siku kwa wali, leo twamwandikia fatwa? Sisi hatukuona pahala pa kucheka. Mwenye kula samaki amemtumia kwa jambo aliloruhusiwa na Mola wake, na kufa kwake kuna mwisho. Lakini mwenye kumfunga samaki akamwacha afe kidogo kidogo muda wa miezi, huyu hakula wala hakuacha, na jambo lake ni jingine kabisa.

Ikumbukwe khabari ya yule mwanamke na paka, aliyoipokea Ibn Umar na wakaitoa Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa mwanamke huyo aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe, wala asimwachie akajitafutia wadudu wa ardhi. Tazameni sana hapo kwenye kufunga. Paka wa mjini mwenye njaa hatuna hisabu yake kama hatukumdhuru. Njaa yake iko baina yake na Mola wake, na ardhi ya Mungu ni pana kwake. Lakini ukimfunga umeshika ufunguo wa riziki yake mkononi mwako. Na samaki wa kioo amefungwa zaidi kuliko paka yule. Paka angaliweza kulia akasikiwa na majirani. Samaki hana sauti, wala hana mlango wa kukwaruza, na maji anayokunywa ndiyo hayo hayo anayopumua na ndiyo hayo hayo anayonya. Mwenye nyumba ndiye mto wake.

Wala hatusemi kuwa kumfuga ni haramu, kama wanavyopenda kusema baadhi ya watu ambao kwao kila kipya ni haramu mpaka wakizoee. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo aliyekuwa akiitwa Abu Umair, na mtoto huyo alikuwa na kijindege chake cha kuchezea. Mtume alikuwa akiingia kwao na kumfanyia mzaha mtoto kwa kumuuliza khabari ya kijindege kile. Hakukemea wala hakuamrisha kiachwe. Maulamaa wakatoa katika hadithi hiyo ruhusa ya kumweka kiumbe nyumbani kwa ajili ya furaha ya mtoto, kwa sharti alishwe na asiteswe. Basi kioo chenyewe hakina dhambi. Makosa yako katika hisabu: samaki 17 katika lita 60, na watatu kati yao ni wa kabila ambalo halikuumbwa kuwa dogo.

Yapasa tujue huyu kambare ni nani. Sisi watu wa pwani tumezoea changu na tafi na nguru, na wengi wetu kambare twamjua kwa msemo tu, kwamba nyumba ya kambare kila mtu ana ndevu. Yeye ni samaki wa maji matamu, hana magamba, ngozi yake ni ya utelezi, ana ndevu 8 ambazo ndizo mikono yake na macho yake katika maji ya tope. Wenyeji wa kingo za Tana, Wamunyoyaya na Wamalakote na Wapokomo, wamemjua kwa vizazi vingi, ijapokuwa ndugu zetu wafugaji wa ngamia wengi wao hawakuzoea kumla. Mwenyezi Mungu amempa pumzi mbili. Ana mashavu kama samaki wote, na juu ya mashavu ana viungo mfano wa vijitawi vya mti, avutavyo hewa hii tunayoivuta sisi. Kwa hiyo mto ukipungua na madimbwi yakawa tope, samaki wengine hufa naye hubaki. Na usiku wa umande au mvua huweza kujiburura juu ya ardhi mpaka dimbwi jingine. Kwa hayo ni katika samaki wenye subira kubwa. Basi mtu akiona kambare ameshindwa na maji ya nyumbani kwake, na asitafute mchawi: maji hayo yameharibika kweli kweli.

Tumewauliza watu wenye ujuzi wa samaki, na maelezo yao ni haya. Taka kubwa ya samaki hutoka mashavuni mwake, nayo ni amonia, ile sumu ambayo mtu huinusa katika zizi penye mkojo uliolala. Chakula kisicholiwa kikioza huongeza sumu hiyo hiyo. Mtoni maji hupita yakaichukua. Katika kioo hayapiti, na tegemeo ni vijidudu visivyoonekana vikaavyo katika changarawe na katika chujio, ambavyo huigeuza amonia kuwa sumu ya pili, na sumu ya pili kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Vijidudu hivyo huchukua wiki 4 hata 6 kutulia katika sanduku jipya, na kazi yao ina kipimo. Ukiwaongezea samaki kupita kipimo, sumu huwashinda. Hapo ndipo sifongo la chujio huonekana limechafuka, mtu akalichukua akalisugua bombani kwa maji yenye klorini, akadhani amefanya usafi. Kumbe amewaua wafanya kazi wote kwa siku moja.

Tena kuna joto la Garissa, ambalo hapana haja ya kumweleza aliyepata kulala huko mwezi wa Machi. Maji ya nyuzi 20 huweza kuchukua kiasi cha miligramu 9 za hewa ya kupumulia katika lita moja. Yakifika nyuzi 30 hayachukui zaidi ya 7 na nusu hivi. Joto hilo hilo humzidishia samaki haja ya kupumua, na huizidishia amonia ukali. Samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni maji ya ubaridi, hao ndio wenye dhiki zaidi na hutangulia kufa. Kambare humwokoa pumzi yake ya pili, lakini humwokoa na ukosefu wa hewa tu. Sumu iliyomo majini yaendelea kumchoma mashavu na ngozi na ndevu. Mfano wake ni mtu aliyefungiwa katika chumba cha moshi akapewa tundu la kutolea pua, na macho yake yakabaki ndani ya moshi. Ndiyo sababu twaona amedumu zaidi ya mwaka katika mateso ambayo mwingine angalikufa kwa wiki moja. Subira yake imemficha mwenye nyumba ubaya wa maji, wala hatujui kama subira hiyo itakuwa hoja yetu au hoja juu yetu.

Hapa tuseme neno juu ya hirizi. Jicho lipo, na hadithi sahihi zimelithibitisha, hatulikanushi. Lakini si kila chenye kuumia kimetazamwa. Mtu akifungia kuku 20 katika tenga moja juani, wakafa, je, atakwenda kuuliza ni nani aliyewatazama? Kumsingizia jirani kuwa ana jicho, na maji yananuka, ni kukusanya dhambi mbili: ya dhana mbaya na ya kumwacha mgonjwa bila ya msaada. Ama karatasi iliyofungwa juu ya kioo, samaki haisomi, na amonia haiiogopi. Na wako wanaosema, basi tuandike kombe kwa zafarani tulimimine humo ndani. Hilo ni baya zaidi, kwani ni kuongeza taka juu ya taka, na kulitia jina la Mwenyezi Mungu katika maji ya kinyesi. Mwenye kutaka kuomba dua na aombe, mlango u wazi; kisha ainuke abadilishe maji.

Namna ya kubadilisha ndiyo hii. Asiyamwage yote kwa mara moja, kwani mageuzi ya ghafula huweza kumwua aliyekwisha dhoofu. Atoe robo au theluthi kila siku muda wa wiki moja, na atie maji ya joto lile lile yaliyolala katika chombo wazi siku nzima ili klorini itoke. Chakula kizuiliwe siku moja au mbili. Kambare mzima haumwi na njaa ya siku mbili, lakini nyama inayooza chini ya changarawe yamwua. Wako watoto wanaomtupia samaki ugali na mabaki ya sahani kwa kumhurumia, nao yafaa waelezwe kwa upole. Sifongo la chujio lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa humo humo sandukuni, si kwa ya bomba. Na asimimine dawa za dukani kwa kubahatisha, kwani samaki asiye na magamba ngozi yake hunywa dawa upesi, na kipimo kinachowafaa wengine huweza kumdhuru.

Kambare mwenyewe atengwe. Mtume (S.A.W.) amekataza, katika hadithi waliyoitoa Bukhari na Muslim, mwenye ngamia wagonjwa asiwalete juu ya ngamia wazima wa mwenziwe; na wafugaji wa Garissa na Wajir na Mandera hadithi hii wanaifanyia kazi kila siku katika visima vyao. Basi atafutiwe pipa pana au hodhi yenye kuchukua lita 100 na zaidi, iwekwe kivulini, ifunikwe kwa wavu maana kambare huruka, na ndani yake litiwe gae kubwa la mtungi apate pahala pa giza pa kujificha. Yeye ni samaki wa usiku, na mwanga wa sebuleni wamtaabisha. Ashikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa, kwa sababu ule utelezi wa ngozi ndio nguo yake, na mkono mkavu humvua. Tena mapezi yake ya ubavuni yana miiba. Atiwe kwanza katika mchanganyiko wa maji aliyoyazoea na maji mapya, kisha mapya yaongezwe kidogo kidogo. Na ijulikane ya kwamba kupanda juu mara moja moja kuvuta hewa ni maumbile yake; akipanda kila dakika, hiyo ndiyo alama ya dhiki.

Akipona, asirudishwe katika kioo kile. Kambare huweza kupita urefu wa mita moja, na kioo hakikui. Haya tuyasema kwa kuwa tumewaona watu wengi humtibu mnyama vizuri, kisha humrudisha pale pale palipomuuguza.

Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra (1262), yule aliyeitwa Sultani wa Maulamaa, katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam amezitaja haki za wanyama juu ya wanaadamu. Amesema kwamba mnyama agharimiwe hata akizeeka au akaugua ugonjwa usiotazamiwa kumwacha na faida yoyote kwa mwenyewe. Na miongoni mwa haki hizo ametaja kutomweka mnyama pamoja na kinachomuudhi, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine. Zaidi ya miaka 750 imepita, naye ni kama aliyekitazama kioo cha Garissa: kambare akiwameza samaki wa dhahabu, na wote wakitiana sumu. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, ambayo vijana wetu huisoma katika darasa, amebainisha kuwa mwenye mnyama akikataa kumlisha na kumnywesha hulazimishwa: mnyama wa kuliwa, basi ama amuuze, ama amlishe, ama amchinje. Hatuna haja ya kuingia katika mas'ala ya wajibu wa kumtibu mnyama kwa dawa, kwani anachohitaji kambare huyu si dawa. Ni maji safi na nafasi, na hayo kwa samaki ndiyo malisho yenyewe. Kadhi wa Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, mamlaka yake ni katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi; hatakuja mtu wa kadhi kubisha hodi kwa ajili ya kambare. Basi mwenye nyumba ajihukumu mwenyewe kabla hajahukumiwa.

Sasa tuje kwa jirani aliyesema atupwe mtoni. Neno lake lina sura ya huruma, na wengi watalipenda, kwa hiyo yatupasa tulifafanue. Kwanza, katika madhehebu yetu mtu aliyemmiliki mnyama akimwachilia, milki yake haiondoki kwa kumwachilia huko, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na maulamaa wamelichukia jambo hilo kwa kuwa lafanana na ada ya Majahilia waliokuwa wakiwaacha ngamia wao huru kwa ajili ya masanamu, ada ambayo Qur'ani imeikanusha katika Sura ya Maida. Kumwacha mnyama si kujivua haki zake. Pili, huyu ni mgonjwa, na ameishi zaidi ya mwaka katika maji mamoja na samaki wa duka la Nairobi. Hatujui amechukua maradhi gani. Na ule mto ni wa umma mzima wa samaki, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An'am ametujulisha kuwa viumbe vingine nao ni mataifa kama sisi. Kumtoa mmoja katika dhiki kwa kuwatia wengine katika maradhi si ihsani, na sheria yetu imekataza kudhuru na kudhuriana.

Ama samaki wa dhahabu kuwatupa mtoni ndilo jambo baya kabisa, kwani Tana si kwao. Wasomaji wetu wa Kisumu na Mwanza wajua lililotokea katika Ziwa Victoria baada ya sangara kutiwa humo katika miaka ya 1950: aina nyingi za furu, ambazo hazikuwako pengine popote duniani, zilitoweka. Biashara ilipatikana, hatukatai, lakini kilichotoweka hakikurudi. Na Tana ndio mto huu huu unaoshuka mpaka kwetu, ukamwaga maji yake baharini Kipini. Kinachotupwa Garissa kina njia ya kufika kwa mvuvi wa Ozi. Wale watoto siku ile ya mafuriko, lau wangaliwachukua vikambare vitatu kutoka katika dimbwi linalokauka wakawapeleka mtoni saa ile ile, bila ya kuwatia katika milki wala katika kioo, hilo lingalikuwa jambo jema la kutarajiwa malipo. Sasa wakati wake umepita.

Na aliyesema apikwe, hakusema haramu. Samaki wa majini kwetu ni halali, awe na magamba au asiwe nayo. Lakini asiliwe aliyetiwa dawa, wala aliyevimba na kuharibika, kwa kuwa chenye kudhuru mwili hakiliwi. Na akichagua njia hii, aiangalie namna ya kumwua. Fuqaha wetu wamesema kuwa samaki hahitaji kuchinjwa, na kumchinja ni makuruhu. Isipokuwa samaki mkubwa ambaye uhai wake wakawia nje ya maji, huyo yapendeza kuchinjwa ili apumzishwe. Hukumu hii yamhusu kambare kuliko samaki yeyote tunayemjua. Twaona masokoni kambare wametandazwa juani tangu asubuhi, wanameza hewa mpaka adhuhuri, na mteja akitaka nusu hukatiwa nusu na hali mwenye nusu ile angali akitikisika. Muuzaji husema, huyu hafi upesi. Ni kweli hafi upesi. Na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo akapewa hukumu yake peke yake.

Kama mgonjwa huyu, baada ya wiki ya maji safi, hakuinuka, na akabaki ubavu hali wala hageuki, basi kumpumzisha kwa kisu kikali ni bora kuliko kungoja afe.

Tumeletewa pia ushindani mwingine, na huu ni wa kuheshimiwa. Mzee mmoja katika darasa alisema: nchi ile imepatwa na ukame wa misimu 5 ya mvua mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya, na mwezi wa Disemba 2021 dunia nzima iliona picha ya twiga 6 waliokufa huko Sabuli, Wajir, baada ya kukwama katika tope la bwawa walipokwenda kutafuta maji. Je, katika nchi kama hiyo ni haki mtu kumwaga maji kwa ajili ya samaki wa pambo?

Swali hili tulilipima. Jibu letu ni kwamba lafaa kuulizwa kabla ya kununua kioo, si baada ya kumfunga kiumbe ndani yake. Mwenye kukaa mahali maji yanaponunuliwa kwa mtungi juu ya mkokoteni wa punda, na jirani zake hawana, ajizuilie na pambo hili. Twaona kuwa huo ni israfu, na mtoto apewe kitu kingine cha kufurahia. Lakini aliyekwisha kumfunga hawezi kuutumia ukame kuwa udhuru wa kumwacha katika sumu. Wamesema fuqaha kwamba mtu akiwa na maji machache, na ana mnyama mwenye heshima katika sheria anayehitaji kunywa, maji ni ya mnyama na yeye atatayamamu kwa mchanga. Ikiwa sala yenyewe imepishwa, seuze ubahili wetu. Na maji yanayotolewa katika kioo si ya kupotea: samadi iliyomo yafaa sana kwa miti, na mwarobaini wa uani utayafurahia. Ila asitawadhie, kwani maji yaliyogeuka rangi au harufu kwa kinyesi cha samaki hayatwaharishi.

Lililobaki ni dhambi aliyoiuliza. Wale wawili waliokufa walikufa na yeye hajui, na twataraji kwa Mwenyezi Mungu msamaha kwa asiyejua aliyeuliza. Huyu wa tatu amekwisha kuulizia, na jibu limekwisha kumfikia. Tangu leo akimwacha katika maji yale hali ana uwezo, hatuwezi kumwambia kuwa hana dhambi. Akifanya aliloweza na samaki akafa, hakuna juu yake lolote. Na watoto washirikishwe: mmoja achote, mmoja amimine, mmoja ahisabu siku. Kambare akifa na mtoto akalia asichekwe, kwani Abu Umair kijindege chake kilipokufa Mtume alimliwaza.

Akitaka kumtoa kambare aliyepona, wako watu wanaofuga kambare katika mabwawa, na afisa wa uvuvi wa kaunti aweza kuulizwa ni nani aliye karibu. Wale samaki 9 wa dhahabu nao ni wengi kwa lita 60. Wapunguzwe, wapewe mwenye nafasi na maji. Na akiwauza, lazima amweleze mnunuzi kwa ulimi wake kwamba wametoka katika maji yaliyokuwa na mgonjwa, na kwamba wenzao wamekufa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta umaji chini yake, akamkemea mwenye mali kwa kuwa hakuuweka juu watu wauone. Mnunuzi akisikia khabari hiyo akapunguza bei, na apunguze. Akikataa kununua, basi samaki wangali juu ya mwenyewe, na kesho ni zamu ya kubadilisha maji.

Wallahu aalam.